Kuni za Kununua: Nyumba na Moto katika Ugogo

Katika sura ya 5 ya kitabu cha Maombolezo, watu wa Yerusalemu walioshindwa vita wanamweleza Mungu aibu zao moja baada ya nyingine. Wanataja mashamba yaliyochukuliwa na wageni, wanataja yatima na wajane, kisha wanataja jambo ambalo msomaji wa haraka angeliruka: maji na kuni za nchi yao wenyewe sasa wanavipata kwa kulipia.

Sisi wa Chang'ombe tunaisoma sura hiyo bila kuhitaji mfafanuzi. Mkaa uko kila kona ya mtaa, umepangwa kwa kopo, kwa sado, kwa debe na kwa gunia. Mwenye nafasi hununua gunia akamaliza mwezi. Mwenye kibarua cha siku hununua kopo la kupikia chakula cha jioni, na kesho ananunua jingine. Ukipima mkaa wa makopo yote hayo hadi ujaze gunia, utakuta mwenye kopo amelipa zaidi kuliko mwenye gunia. Maskini ndiye anayenunua moto wa bei ghali katika mtaa mmoja na jirani yake. Jambo hili halikuwapo Ugogo tangu mwanzo. Lina historia, na historia hiyo inapita ndani ya kuta na mapaa ya nyumba zetu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Tuanze na tembe, kwa kuwa ndiyo nyumba ya nchi hii. Burton na Speke walipopita Ugogo mwaka 1857 na msafara wao kuelekea Unyanyembe, wakilipa hongo kwa watemi njiani, nyumba walizozikuta ndizo hizo hizo ambazo baadhi ya bibi zetu walizaliwa ndani yake. Tembe ni nyumba fupi. Kuta zake ni miti iliyosimamishwa na kukandikwa udongo. Paa lake ni bapa: nguzo na magogo, juu yake fito, juu ya fito nyasi, na juu ya yote tabaka nene la udongo. Juani watu walianika mtama na uwele juu ya paa hilo. Vyumba vilizunguka ua, na ng'ombe walilala katikati ya kaya, huku ndama na mbuzi mara nyingi wakilala ndani pamoja na watu.

Wageni wengi waliiandika tembe kama pango lenye giza. Hawakuwa wamekosea kuhusu giza. Lakini tufikirie Dodoma ilivyo. Tuko juu ya uwanda wa mita zipatazo 1,100 kutoka usawa wa bahari. Jua la mchana ni kali, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba upepo wa kusini-mashariki unapopiga, joto hushuka mpaka nyuzi 13 au 14. Kwa mtu wa Ulaya hizo si nyuzi za kutisha. Kwa mtoto mchanga na kwa mzee aliyelala chini, ni baridi ya kweli. Udongo mnene una tabia moja njema: hupata joto polepole na hupoa polepole. Paa la tembe lililopigwa na jua mchana kutwa liliendelea kutoa joto hilo usiku, na mchana lilizuia jua lisiwapike waliomo. Moto mdogo wa kupikia uliowaka ndani ulitosha kuongezea kilichopungua, na pumzi za wanyama zikafanya kilichobaki. Kwa maneno mengine, familia ilipasha nyumba joto kwa kuni zile zile za kupikia ugali, bila kuongeza mzigo wa pili.

Moshi nao ulikuwa na kazi. Ulikausha miti ya paa na kufukuza mchwa, na mbegu zilizotundikwa juu ya moto hazikuliwa na wadudu. Ila moshi huo huo uliumiza macho na vifua vya akina mama na watoto, na hapo hatutaki kuipamba tembe. Nchi yetu imeteseka kwa magonjwa ya macho kwa muda mrefu. Ndiyo maana Hospitali ya Mvumi ilijulikana kwa matibabu ya macho, na ndiyo maana watafiti wa trakoma walipiga kambi Kongwa tangu miaka ya 1980. Trakoma huenezwa na vijidudu, nzi na nyuso zisizonawishwa, si na moshi. Lakini jicho linalouma likikaa mbele ya moshi kila siku halina raha.

Kuni zenyewe ziliokotwa. Mwanamke alitoka asubuhi na wenzake, akarudi na mzigo wa matawi makavu ya migunga na mikole. Ilikuwa kazi, tena nzito, ila haikuwa na bei. Mjane wa Sarepta anayetajwa katika 1 Wafalme 17 alikuwa amefikia mwisho wa unga na mafuta yake, lakini Eliya anamkuta langoni mwa mji akiokota vijiti. Alikuwa amekosa karibu kila kitu, na kuni bado alikuwa anazipata. Leo tunaye mjane wa namna nyingine, ambaye unga anaweza kupewa na majirani na akakosa cha kuupikia.

Mabadiliko yalianza na reli. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Dodoma mwaka 1910, na vichwa vya treni vya wakati huo vilichoma kuni. Kwa mara ya kwanza katika nchi hii palikuwa na mnunuzi mkubwa wa miti ambaye hakuwa na sufuria. Reli ikaleta pia bati. Wafanyabiashara wa mjini waliezeka maduka yao kwa bati, na wamisionari, waliokuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, waliezeka makanisa, shule na hospitali kwa hilo hilo. Kanisa likawa jengo refu lenye madirisha na kuta za matofali, na shule ikafuata mfano wake. Taratibu mtu aliyesoma alijulikana kwa nyumba iliyofanana na shule aliyosomea, na tembe ikaanza kuonekana kama nyumba ya mtu ambaye hajaamka.

Baada ya uhuru mfano huo ukawa sera. Kufuatia ukame wa mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali iliendesha Operesheni Dodoma mwaka 1971 na kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Miaka hiyo hiyo watu walihimizwa wajenge nyumba bora, na nyumba bora ilimaanisha matofali, madirisha na bati. Nia ilikuwa njema. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikuwa inafundisha usafi na afya ya kaya kwa redio na vikundi vya kusomea, na nyumba yenye hewa na mwanga ni bora kwa afya kuliko chumba chenye moshi. Wengi wetu tumekua katika nyumba hizo na hatungependa kurudi tulikotoka.

Lakini kuna hesabu ambayo haikupigwa. Tofali la kuchoma linahitaji tanuru, na tanuru huwaka mchana na usiku kwa siku kadhaa kwa magogo mazima, si kwa matawi makavu ya kuokotwa. Nyumba bora ilikula msitu kabla mtu hajaingia ndani yake. Watu walipokusanywa kijiji kimoja, kuni za karibu ziliisha kwa pamoja, kisha za mbali kidogo, na kila mwaka akina mama walitembea zaidi. Ndani ya nyumba mpya nako moto ulihama. Jiko lilitolewa nje, katika kibanda cha uani au kibarazani, jambo lililookoa macho na mapafu. Ila chumba cha kulala kikabaki bila moto, chini ya bati lisilo na dari. Bati ni kinyume cha paa la tembe. Saa nane mchana huwaka, saa nane usiku limekuwa baridi kuliko hewa ya nje. Familia iliyokuwa inahitaji moto mmoja sasa ilihitaji wa kupikia na wa kuota, na kuni za yote mawili zilikuwa zimekimbia.

Katika mwaka huo huo wa 1973 mambo matatu yalikutana. Chama cha TANU kiliamua makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo sote tuliizoea kwa jina la CDA, ikaundwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza kwa msaada wa Sweden ili kuokoa ardhi iliyomomonyoka, hasa Kondoa. Na mwishoni mwa mwaka bei ya mafuta duniani ikapanda kwa ghafla. Dunia nzima ilizungumza juu ya petroli. Mwaka 1975 mwandishi Mmarekani Erik Eckholm aliandika kwamba kwa sehemu kubwa ya watu wa dunia tatizo la nishati ni kuni, wala si mafuta. Hapa kwetu yote mawili yalitukuta: mafuta ya taa yakawa ya foleni, na kuni zikawa za safari.

HADO ilifanya kazi kubwa. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa katika milima iliyoharibika ya Kondoa, uamuzi uliowaumiza wafugaji lakini uliorudisha majani na miti mahali palipokuwa makorongo matupu. CDA nayo ilipanda miti kuzunguka mji. Tukitazama nyuma tunaona kwamba juhudi hizo zote ziliangalia mti. Zilizofuata, mwishoni mwa miaka ya 1980, ziliangalia jiko: mafundi walifundishwa kutengeneza jiko la mkaa lenye udongo wa kufinyangwa ndani ya bati, kwa mfano wa lile lililoanzia Kenya miaka michache kabla. Udongo hushika joto lisipotee pembeni, na mkaa ule ule hupika kwa muda mrefu zaidi. Jiko hilo tunalo hata leo na ni zuri. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba fundi wa jiko alikuwa amegundua upya siri ya tembe, kuweka udongo mnene kati ya moto na baridi, na bado hakuna aliyeipandisha siri hiyo mpaka kwenye paa.

Mji ulikua haraka kuliko mipango yake. Kulikuwa na viwanja vilivyopimwa kwa ajili ya watumishi, na kulikuwa na makazi kama Chang'ombe, ambako watu walijenga kabla ya kupimiwa. Waliofika ni vibarua wa ujenzi, mama lishe, wachuuzi, walinzi, watu waliojenga mji mkuu bila kuwemo katika ramani yake. Nyumba zetu nyingi ni za vyumba vya kupanga: korido katikati, vyumba pande mbili, bati juu, dari hakuna. Ukuta wa kutenganisha vyumba mara nyingi haufiki juu, hivyo kikohozi cha chumba cha kwanza kinasikika cha sita, na joto la chumba chochote hupanda likapotelea chini ya bati la wote.

Humo ndimo mkaa ulipopata soko lake. Kuni hazibebeki kirahisi mjini na moshi wake huleta ugomvi wa kibarazani; mkaa ni mwepesi na hauna moshi mwingi. Lakini miti inayozaa gunia la mkaa ni mingi kuliko ambayo ingewaka ikiwa kuni, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu yake hupotea katika tanuri la mkaa huko porini. Mwanzoni mwa mwaka 2006 Serikali ilijaribu kuupiga marufuku. Kwa majuma machache mkaa ulipotea na bei ikaruka, na marufuku ikaondolewa, maana watu hawakuwa na kingine cha kupikia.

Na kuna hatari ambayo hatuwezi kuipita. Usiku wa baridi mtu huingiza jiko la mkaa chumbani baada ya kupika, ili makaa yaliyobaki yapashe chumba. Hufunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Makaa yanayofifia mahali pasipo hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Misiba ya namna hii imesikika mikoa mingi ya nchi yetu. Kwenye mazishi watu hunong'ona habari za uchawi, au humlaumu marehemu kwa uzembe. Sisi tunasema wazi kwamba ni kifo cha umaskini na cha nyumba mbaya. Aliyekuwa anatafuta joto hakuwa mzembe. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata likiwa linaonekana limezima. Hilo tunaomba litangazwe kanisani kila mwezi wa tano, pamoja na matangazo ya ndoa.

Sasa Serikali imelichukua jambo la kupikia kwa uzito. Mwezi Mei mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Serikali imetaja mara nyingi kwamba watu wapatao 33,000 hufariki nchini kila mwaka kwa magonjwa yanayohusiana na moshi wa kupikia. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuacha kuni na mkaa, na agizo hilo limezigusa shule na vyuo vya makanisa pia. Mitungi ya gesi ya kilo 6 imeuzwa kwa ruzuku. Mwaka huo huo treni ya umeme ilianza kufika Dodoma, katika mji ambao treni yake ya kwanza ilikuja kwa kuni.

Tunayapokea haya kwa shukrani. Lakini mtungi wa gesi ukiisha unajazwa kwa mkupuo, na mwenye kibarua cha siku anarudi kwenye kopo la mkaa kwa sababu kopo linalingana na mfuko wake. Tena mtungi haupashi chumba joto. Katika habari zote hizi za miaka hamsini, za mti, jiko na mtungi, nyumba yenyewe imesahaulika.

Nchi za baridi zimelifikia jambo hili kwa njia nyingine. Uingereza, Brenda Boardman alichapisha mwaka 1991 kitabu juu ya umaskini wa nishati, akipendekeza kwamba kaya inayohitaji zaidi ya asilimia 10 ya kipato chake ili kupata joto na nishati ya kutosha ihesabiwe kuwa katika umaskini huo. Kipimo hicho kikiletwa Chang'ombe, tunaogopa kuhesabu. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba kuwapa maskini fedha za kulipia joto hakutoshi ikiwa nyumba inalivujisha. Dawa ya kudumu ni kutengeneza nyumba. Huko wapangaji wengi maskini wanakaa katika nyumba za halmashauri na za vyama vya nyumba. Mwenye nyumba ni mmoja na anajulikana, hivyo anaweza kubanwa aweke dari zenye kizuizi cha joto, azibe nyufa, abadilishe madirisha.

Kwetu Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, lakini maskini wengi wa Dodoma si wapangaji wake. Wanapanga kwa mtu binafsi, na baadhi ya hao wenye nyumba tunakaa nao benchi moja kanisani. Hawa si matajiri. Wengi ni wastaafu na wajane wanaoishi kwa kodi ya vyumba vitatu vinne. Mita ya LUKU ni moja kwa nyumba nzima, wapangaji wanachangishana, na kwa kuogopa ugomvi mwenye nyumba anakataza jiko la umeme. Nyaya ziko ukutani, taa inawaka, na chini yake sufuria iko juu ya mkaa.

Sheria ya Musa katika Kutoka 22 inamwamuru aliyemkopesha maskini na kuchukua vazi lake kuwa rehani, alirudishe kabla jua halijatua, kwa sababu hana kingine cha kujifunika. Baridi ya usiku ya mtu mmoja imeingia katika sheria, na anayeamriwa ni yule mwenye uwezo juu yake. Yakobo naye, katika sura ya 2, anawaandikia watu wa kanisa juu ya ndugu asiye na nguo wala chakula, anayeagwa kwa maneno mazuri aende akajipashe joto na kushiba pasipo kupewa kitu. Kwa hiyo tunapozungumza na wenye nyumba waliomo katikati yetu hatuzungumzi mambo ya kigeni kwa kanisa.

Kazi yenyewe si kubwa. Dari ya mbao nyembamba au hata ya mikeka, ukuta wa kati ufikishwe juu, nyufa zikandikwe, kibanda cha jiko kiwe na tundu la kutolea moshi, na mita ndogo kwa kila chumba ili mpangaji alipie umeme wake. Vikundi vyetu vya VICOBA hukopesha ada za shule, mitaji ya genge na gharama za harusi. Mkopo wa dari bado hatujausikia. Ugumu uko kwenye swali la nani alipe. Mwenye nyumba haoni faida, kwa kuwa mkaa haununui yeye. Mpangaji anayeweka dari kwa fedha yake huiacha anapohama, na wapo waliopandishiwa kodi kwa sababu ya dari waliyoiweka wao. Ndiyo maana katika vyumba vingi vya mtaa wetu utakuta, badala ya dari, magunia ya mkaa yaliyofumuliwa na kushonwa pamoja, yamefungwa kwa kamba kwenye misumari minne, ili siku ya kuhama mpangaji ayakunje aondoke nayo.